Asubuhi Boti Zilipokaa Kwenye Tope

Siku ya kumi na moja tangu nifunge boti yangu pale Todmorden, kaskazini mwa Uingereza, hapakuwa na mtu wa mferejini aliyewahi kuniita kwa jina. Walisema "habari za asubuhi," walisema "mvua tena," nami nikajibu "mvua tena," na mazungumzo yakaishia hapo. Kazini, kwenye duka la miwani, nilikuwa Tamsin kutwa nzima. Nikishuka njia ya kando ya mfereji jioni, nilikuwa yule msichana wa boti ya kijani.

Sikuwalaumu. Mimi ni mtu wa kupanga salamu tangu darajani, na nikifika mbele ya mtu naimeza. Nilinunua boti kwa sababu kodi za mjini zilinishinda, na kwa sababu niliamini kwamba watu wa mferejini ni jamii moja. Labda ni kweli. Nilijifunza kuwasha jiko la makaa bila kujijazia moshi, kuoga kwa dakika tatu, na kubeba tangi la choo njiani kwa uso wa mtu anayetoka sokoni. Ila kukaa ndani huku mvua ikigonga bati, na sauti nyingine haipo, hilo hakuna aliyenifundisha, nililikuta tu. Baadhi ya jioni niliacha dirisha la upande wa njia wazi, baridi iingie, ili mpita njia apate pa kusemea neno. Mbwa mmoja aliingiza kichwa. Mwenyewe akamwita, wakaenda.

Nilikuwa na tumaini moja. Asiye na kituo chake mferejini hukaa mahali pamoja siku kumi na nne tu, kisha lazima asogee. Lakini mbele yangu kidogo palikuwa na safu ya boti tano, wenyewe wamekodi ukingo pamoja kwa mkulima mmoja, na nafasi ya sita ilikuwa tupu. Nilimwandikia barua Clifford, dereva wa basi mstaafu aliyekuwa kama msemaji wao, nikiomba nikae hapo hadi Machi. Wangepiga kura Jumapili. Wakikataa, ningepanda na boti yangu kuelekea milimani, kila wiki mbili mbali zaidi na kazi, majira ya baridi yote, peke yangu.

Ijumaa alasiri nilishuka na boti kupitia lango la chini kujaza tangi la maji, kisha nikapanda tena. Kupita lango la maji, kile chumba cha mawe kinachoinua na kushusha boti, ukiwa peke yako ni kazi: unafunga boti, unapanda ngazi, unafungua vile vilango vidogo vya kupitishia maji kwa kuzungusha mkono wa chuma, unangoja maji, unarudi tena kufunga ulichofungua. Nilikuwa nimefika kwenye kilango cha mwisho, cha kushoto upande wa chini, mzee mmoja mwenye mbwa aliposimama.

"Boti nzuri hiyo, binti. Ya mwaka gani?"

Nikamwambia. Akauliza injini ni ya namna gani, nikamwambia. Akauliza kama sisikii baridi, nikamweleza habari za jiko, za makaa, za soksi zangu mbili mbili, kila kitu nilichokuwa sijamwambia mtu kwa siku kumi na mbili. Alipoondoka nilikuwa najichekea mwenyewe. Nikaingiza mkono wa chuma mkandani, nikarudi nyumbani.

Jumamosi niliamka nimebanwa ukutani, kikombe kikibiringika sakafuni. Nikafungua mlango. Maji hayakuwapo. Palikuwa na tope jeusi, baiskeli moja isiyo na tairi, na boti zote za safu zimelala upande mmoja kama walevi waliokosa ukuta.

"Nani mjinga aliyetukausha?" Clifford alipiga kelele akiwa na suruali ya kulalia na viatu vya mpira.

Akaenda mbio lango la chini. Aliporudi alikuwa karibu kufurahi.

"Kilango cha kushoto! Kimeachwa wazi vidole vinne! Na ule mlango mzee wa juu wa lango hilohilo unavuja kama kawaida yake. Maji yameshuka usiku kucha. Watalii hao! Wale wa boti ya kukodi, wenye kofia za maharamia!"

Nilikishika kiuno changu, mahali mkono wa chuma ulipokuwa umening'inia jana.

Clifford alikwenda lango la juu kutuletea maji, pole pole, maana ukiyaachia ghafla boti zitapigana. Ingechukua saa tatu. Sisi tukalegeza kamba, kisha ikawa hakuna la kufanya. Rowena, wa boti ya pili, mwanamke mwenye kicheko kikubwa, akatoka na birika na rundo la vikombe akavipanga ukingoni.

"Wewe dada, njoo huku. Usisimame huko kama nguzo ya simu. Unaitwa nani?"

"Tamsin."

"Tamsin, shika kikombe. Sukari?"

"Vijiko viwili."

"Haya, huyu ni mwenzetu. Clifford anaweka vitano, ndiyo maana kazi yake kupiga kelele."

"Nimekusikia!" Clifford aliitikia kutoka langoni.

Alipokuja kuchukua chai yake aliniegemea karibu. "Jumapili usiwe na wasiwasi, mwanangu. Barua yako nimeisoma. Mwandiko wa mtu aliyelelewa. Mtu wa mwandiko ule hawezi kukausha mfereji, si kama wale maharamia."

Wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Chai ilikuwa ya moto, mvua ilikuwa imesita, bega la Rowena lilikuwa linagusa bega langu. Hakuna mtu aliyekuwa anadhurika. Wale watalii walikuwa wameshavuka milima, hawana habari. Nilihitaji tu kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi niliyoizoea kuliko zote.

Ndipo Winifred Holroyd akatoka kwenye boti ya mwisho. Alikuwa na miaka sabini na kitu, na mama yake alizaliwa ndani ya boti ya kubeba makaa, enzi zile za farasi. Alikuwa amekunja aproni yake, amebeba kitu ndani yake. Akaifungua tuone. Vilikuwa vipande vya sahani, zile zenye ukingo wa matundu kama lesi, ambazo watu wa mfereji wa zamani walizitundika ukutani.

"Zilikuwa tisa," alisema. "Zimepona mbili."

"Maskini, Mama Winnie!" Rowena akaweka kikombe chini. "Watalii wale walaaniwe!"

"Si watalii," nikasema.

Sauti ilikuwa ndogo mno, ikabidi niirudie.

"Si watalii. Ni mimi. Jana, kilango cha kushoto. Kuna mtu alinisemesha, nikasahau kumalizia kukifunga."

Clifford aliutazama mkono wangu ulioshika kikombe, kana kwamba ushahidi uko mle.

"Na umekunywa chai yangu muda wote huu," Rowena akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa tu, na hilo liliniuma zaidi.

"Nisamehe, Mama Holroyd," nikasema.

Winifred alikunja aproni yake taratibu, pembe moja baada ya nyingine, akaingia ndani. Nami nikarudisha kikombe kwenye rundo, nikaenda kwangu. Kabla ya adhuhuri boti zilikuwa zinaelea tena. Nilijua hivyo kwa sababu sakafu ilinyooka chini ya miguu yangu. Hakuna aliyekuja kuniambia.

Jumapili jioni mtu aligonga paa mara mbili. Alikuwa Winifred. Aliingia, akakaa bila kukaribishwa, akanyoosha viganja kwenye jiko.

"Wamekataa," alisema. "Wanne kwa mmoja."

"Nilijua, mama."

"Hukujua. Huyo mmoja ni mimi."

Nikasema, "Lakini sahani."

"Sahani zilikuwa zangu, si zao. Clifford kamwagikiwa na kopo la rangi, basi utadhani kafiwa." Akafungua mlango wa jiko, akachungulia. "Umelijaza mno. Linakula makaa bure."

"Kama ningenyamaza ningepata nafasi."

"Ungepata."

Nilitaka aongeze neno, aseme kwamba nilifanya vema, au kwamba nilifanya upumbavu. Yeye alipasha mikono hadi ikamtosha.

"Mimi ningekuwa wewe," alisema mlangoni, "sijui kama ningesema. Bado nawaza." Akashuka njiani akishikilia paa.

Jumatatu niliomba ruhusa ya asubuhi kazini, nikafungua kamba. Nilipita safu yote, mapazia yote yakiwa yamefungwa. Kwenye lango la juu Winifred alikuwa ameketi juu ya boriti ndefu ya kusukumia lango, amevaa koti la mvua la marehemu mumewe, mikono mifukoni. Hakunisaidia. Niliingia, nikafunga nyuma yangu, nikakijaza chumba maji, nikatoa boti, nikaifunga ukingoni. Nikarudi kwa miguu kwenye kila kilango, nikakiteremsha mpaka chuma kikagonga chuma, nikakisukuma kwa mkono, kisha nikaenda kwenye kingine. Alinitazama mikono tu.

"Vyote?" akauliza.

Nikatazama tena. "Vyote."

"Haya, binti. Nenda salama."

"Naweza kuja kukuona? Treni inafika hadi huku."

"Treni ni ya kila mtu," alisema, akainuka, akaanza kuteremka kurudi kwake.

Nilimtazama mpaka alipofika darajani. Hakugeuka, na mimi nisingegeuka pia kwenye njia yenye utelezi kiasi kile. Kisha nikawasha injini. Mbele, kabla ya kona, boti tatu nisizozijua zilikuwa zimefungwa, moshi ukitoka kwenye bomba la ile ya katikati. Nikapunguza mwendo, kama inavyotakiwa, ili nisiwatingishe waliomo, nikazipita moja moja. Dirishani kwenye ile ya katikati mtu alikuwa anaosha vyombo, kichwa chini. Nilikuwa nimeshaandaa salamu, na safari hii niliitoa.

"Mvua tena," nikasema.

Kioo kilikuwa kimefungwa. Hakusikia.