Nguzo za Duka la Makochi

Mtaani wananiita Bibi Nyekundu, na kosa langu ni mkebe wa rangi. Tangu ardhi ilipotikisika, na sheria ya majengo iliyokuwa imelala kabatini ikaamshwa kwa kishindo, sisi wakaguzi tunapita mlango kwa mlango tukipaka alama. Kijani, kaa kwa amani. Njano, karabati. Nyekundu, ondoka leo. Waliopata kijani hawanikumbuki hata kwa salamu. Waliopata nyekundu hunitazama kana kwamba ardhi niliitikisa mimi.

Siku ile nilikuwa nimechoka, nasema wazi. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ulikuwa ule wa kutukanwa kwa adabu tangu asubuhi: karibu mama, karibu sana, ila Mungu anakuona. Miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu. Na jengo la mwisho kabla ya kurudi nyumbani lilikuwa letu.

Nasema letu kwa mazoea tu. Baba alilijenga, na alipofariki likawa la mdogo wangu. Mama anakaa ghorofa ya juu kabisa. Chini, mdogo wangu amefungua duka la makochi, na ili makochi yapate nafasi akaubomoa ukuta wa katikati, ule uliobeba mzigo wote wa juu. Tuligombana hadi tukanuniana. Baadaye nilisikia kwamba ameweka nguzo mbili mahali pa ukuta, lakini sikuwa nimekanyaga humo kuziona. Mama ndiye aliyekuwa akija kwangu.

Mkaguzi haruhusiwi kukagua nyumba ya nduguye, na kanuni hiyo naiheshimu. Kwa hiyo ukaguzi ulikuwa wa mwenzangu, injinia kijana, naye alikuwa hoi kuliko mimi. Kazi yangu ilikuwa kubeba mikebe na kufunga mdomo.

Nguzo zilikuwepo kweli. Nyeupe, laini, zimenakshiwa dhahabu juu na chini, makochi yamezizunguka yakiwa bado ndani ya nailoni.

"Injinia, karibu!" mdogo wangu alisema, akimshika bega. "Jaribu hili la kona, uone kama utataka kuinuka."

Injinia akajaribu. Masikini ya Mungu, lilikuwa kosa kubwa. Alizama ndani ya lile kochi, akafumba macho, akapumua kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Nguzo nimeziona," alisema bila kufumbua macho. "Dada yangu, wewe umezaliwa humu. Ziko sawa hizi? Sema ndiyo tu, nipake kijani, tukalale."

Mdogo wangu alinikazia macho. Nikaisogelea nguzo ya kwanza. Mimi mkono wangu hauwezi kupita karibu na nguzo bila kuigonga, kama ambavyo wengine hawawezi kumpita mtoto bila kumshika kichwa. Niligonga taratibu kwa kifundo cha kidole. Ikajibu kama kabati tupu. Zege halilii hivyo. Ilikuwa mbao nyembamba iliyovikwa zile bodi za jipsamu wanazopambia dari, na ndani hakukuwa na kitu.

Mdogo wangu alinifikia mbio na kuninong'oneza, kijasho kikimtoka. "Dada, usinifanyie hivyo. Mama ataenda wapi? Unajua alichosema, humu atatoka akibebwa. Ukipaka nyekundu utamuua wewe, si tetemeko."

Hakuwa anasema uongo. Mama aliyatamka hayo tuliporudi kutoka kumzika Baba, na Mama si mtu wa kurudia neno. Kwangu ni chumba na sebule, na mara zote nilizomwomba ahamie alicheka tu. Nilimkasirikia mdogo wangu hadi masikio yakapata moto. Na pamoja na hasira yote hiyo, nilitamani kusema ndiyo. Nilitamani hasa. Neno dogo, halafu viatu vivuliwe, halafu maji ya moto.

Nje lori likapita. Vioo vya meza vikalia, nailoni za makochi zikachakacha, na nguzo ikatetemeka chini ya kiganja changu. Nikawaza sakafu zilizo juu yake, na mwanamke mzee aliye juu ya sakafu hizo.

"Injinia," nikasema, "inuka. Njoo upige hodi hapa."

Alikuja akijikokota. Aligonga mara moja, usingizi ukamwisha, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Pale akainama na kufungua mkebe mwekundu. Mdogo wangu akakaa kwenye kochi lake na kujifunika uso.

"Nilitaka kuweka za kweli, dada," alisema. "Kila siku nilisema baadaye."

Kwenda kumwambia Mama ilikuwa juu yangu, hilo hakuna sheria inayolikataza. Nilipanda ngazi nikitunga maneno na kuyatupa. Nilipofika, mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, amevaa viatu, amejifunga mtandio wa safari. Mfuko ulikuwa pembeni, na birika lake limechomoza juu, limeviringishwa taulo.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Swali gani hilo? Tangu siku ile ya tetemeko sakafu inacheza kila gari likipita. Nalala kwenye kiti hiki, na viatu miguuni."

"Lakini ulisema humu utatoka ukibebwa."

"Nilisema hivyo nyumba ikiwa na ukuta."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili mkagombane tena? Nilichoka na ugomvi wenu. Nikasema moyoni, mwanangu anapita mtaa mzima na rangi zake, hapa pia atafika." Akaninyooshea mkono nimwinue. Ulikuwa mwepesi. "Ila mbona umechelewa hivi?"

Nikamwinua, tukaanza kushuka. Katikati ya ngazi tulimkuta mdogo wangu akipanda. Aliupokea mfuko bila kunitazama, akageuka, akatangulia. Sisi tulimfuata polepole, Mama amenishika mkono, na harufu ya rangi mbichi ilikuwa imeshapanda hadi pale.