Vumbi Lisilotikisika

Vumbi limening'inia ndani ya mwanga, chini ya mnara wa pembe nane wa kanisa kuu la mji wa Ely, Uingereza. Halipandi, halishuki. Lorna amelikazia macho tangu saa nne asubuhi, akisubiri litikisike, na halitikisiki.

Saa tisa dalali anawangoja.

Anawangoja penye nyumba ndogo ya matofali nyuma ya kanisa: mlango wa kijani, waridi dirishani, kimya mpaka uvunguni. Wakiikubali leo, wameuhama mji wao wa Luton. Kibao cha kuuza kimekwisha kusimikwa mbele ya nyumba yao, na kila asubuhi Lorna hukipita upande, kama anayemkwepa jirani waliyekosana naye.

Basi wanatembea. Trevor, mumewe katika ndoa ya miaka thelathini na minane, ametangulia na ramani. Lorna yuko nyuma, miguu inamwasha. Wanashuka mtoni, wanapanda sokoni. Wanatazama bata, wanatazama mashua, wanatazama mawingu juu ya tambarare, na kituo hawana.

"Patulivu, eh?" anasema Trevor.

"Patulivu mno," anajibu Lorna. Angepiga ukelele, lakini hata mbwa wa hapa hubweka kwa kunong'ona.

Na yote yalianza kwa adabu. Trevor aliiona picha gazetini, akasema, "Pazuri hapa." Lorna, asije akamvunja moyo, akasema, "Pazuri kweli." Trevor naye, asije akamvunja moyo, akapiga simu. Adabu ikazaa ahadi, ahadi ikamzaa dalali. Hakuna aliyesema nataka. Kwa hawa wawili, kusema nataka ni kama kutoka barabarani bila suruali.

Saa tisa dalali anawangoja.

Saa nane wako mkahawani. Birika la chai, keki ya ndimu, vipande vitatu. Kila mmoja amekula chake. Cha tatu kimebaki katikati ya sahani.

"Chukua wewe, mpenzi," anasema Lorna.

"Aa, mimi nimeshiba. Chukua wewe."

"Hapana bwana, chako hicho."

Lorna anakitaka. Anamwona Trevor naye akikila kwa macho. Dada wa mkahawa anakuja, anaondoa sahani, na kipande kinakwenda zake jikoni. Wote wawili wanakisindikiza kwa macho mpaka mlango unafungwa.

Hapo kitu kikakatika ndani ya Lorna.

"Nilikitaka kile kipande, Trevor."

"Hata mimi."

"Na ile nyumba siitaki."

Trevor anakitua kikombe chake. Ukutani saa inagonga, inagonga, haimngoji mtu.

"Lakini zile ndege," anasema Trevor. "Zikipita juu ya paa letu, wewe huguna. Kila ikipita, unashusha pumzi. Nikasema, mke wangu anateseka, nimtafutie penye kimya."

Ewe Trevor! Miaka sita unalisikia guno hilo, usiulize? Miaka sita, tangu binti yao Kerry ahamie Australia, kila ndege inayotua Lorna huiinulia uso. Anajua fika kwamba za Australia hazitui uwanja wa Luton, na bado huiinulia uso. Anamweleza sasa, chai inapoa, sauti inamkatika, mbele ya watu wanaojifanya hawasikii.

"Si ungesema," anasema Trevor, macho yamemlowa.

"Si ungeuliza."

Saa tisa dalali alikuwa anangoja, nao wakaenda. Wakamwomba radhi langoni, wakamwomba radhi ukumbini, wakaomba radhi hata dalali naye akaanza kuwaomba wao. Nusura wainunue nyumba kwa aibu. Lorna akamshika mumewe mkono, akasema kwa sauti iliyozoea kushindana na ndege: "Hatuitaki."

Jioni, Luton, jua la Juni bado limekaa dirishani. Trevor yuko nje, anaking'oa kibao, na hamwombi mtu radhi. Ndege inakuja, inakuja, inatikisa paa, inatikisa vikombe kabatini, na vumbi la rafu linainuka ndani ya mwanga, linacheza. Lorna ameinua uso. Huko nje, kibao mkononi, Trevor naye ameinua wake.