Kijiko Chini ya Kiti cha Dereva

Kifuniko cha birika kilikuwa kinagongagonga jikoni, alfajiri haijaingia, na mkunga akakiacha kigonge. Hakuna kingine kilichomsemesha asubuhi katika nyumba ile. Tangu ahamishiwe mkoa huu, safari ya siku mbili kutoka kwao, alikuwa na vyumba vitatu, na viwili bado vilikuwa vitupu. Ukikohoa, ukuta unakuitikia.

Akanywa chai akiwa amesimama, akachukua begi lake, akaingia kwenye gari aliloachiwa na marehemu mumewe. Akazungusha ufunguo. Kik. Akazungusha tena. Kik, kik, kisha kimya.

"Usinifanyie hivi leo," akaliambia.

Ilikuwa siku ya kliniki ya vijijini, kazi aliyoipenda kuliko zote. Mganga mkuu alikwishamwambia bila kupepesa macho: akichelewa tena, safari zile atapewa mwingine, naye atakaa stoo kupanga dawa. Kule vijijini kina mama humshika mkono na kumuuliza ameamkaje. Stoo nani atamuuliza? Makopo?

Jirani wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, akatokea amejifunga khanga, usingizi bado machoni. Hawakuwahi kuzungumza zaidi ya habari na nzuri.

"Limegoma tena?"

"Limegoma, jirani."

"Si wewe ndiye unayewaambia wanawake wenzako wasukume? Leo zamu yako kusukumiwa. Kaa humo, tia gia ya pili!"

Akasukuma peke yake, miguu peku, akilitukana gari na ukoo wake wote. Likateremka, likakohoa, likawaka. Mkunga akapunga mkono dirishani. Hakuthubutu kusimama kushukuru, lisije likazima. Alifika wenzake wakimalizia kupakia vikasha vya chanjo. Mganga mkuu akatazama saa, akamtazama na yeye. Afadhali angefoka.

Alasiri akalipeleka gari gereji. Fundi, kijana mnene mwenye sauti ya upole, alipima hiki na kile kwa muda mrefu, akakuna kichwa.

"Mama, betri nzima, na inachaji vizuri. Kuna kitu kinainyonya gari likiwa limelala. Ukifika nyumbani unazima kila kitu?"

"Kila kitu."

"Taa? Redio?"

"Nimekwambia kila kitu, baba."

"Basi uniachie siku tatu. Itabidi nifumue nyaya zote."

Safari nyingine ya vijijini ilikuwa keshokutwa. Fundi akainama kukagua nyaya chini ya kiti cha dereva, na mkono ukatoka na kijiko chenye punje za wali zilizokauka.

"Hiki nacho kinatafuta nini huku?"

Angeweza kusema chochote. Lakini miaka mingi amewaambia wazazi wenye haya kwamba mficha uchi hazai, na sasa yeye ndiye aliyebana magoti.

"Changu," akasema. "Huwa nakula humo, kila jioni. Nawasha taa na redio, sahani naiweka mapajani. Redio ya gari ndiyo pekee inayoikamata stesheni ya kwetu. Ile ya ndani inakwaruza tu. Kuna kipindi cha salamu, wanawataja watu wa kule. Nasikiliza mpaka kiishe."

"Na wewe umeshatajwa?"

"Bado."

Fundi hakucheka. Akakipangusa kijiko kwa kitambaa safi, si kile cha grisi, akampa kwa mikono miwili.

"Basi gari halina ugonjwa, mama. Taa na redio hizo za kila jioni ndizo zinazoinyonya betri." Akaingia ndani, akarudi na waya mrefu. "Funga ncha hii kwenye eriali ya redio yako ya ndani, hii nyingine itoke dirishani mpaka kwenye paa. Ila mtu mmoja hawezi. Mmoja apande, mwingine amwambie kama imeshika."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomchosha njia nzima. Gari likizima, mtu haombi. Watu wanaona wenyewe. Lakini kumbishia mtu hodi kwa ajili ya redio! Alipika, akapakua, akaitazama sahani moja juu ya meza. Ufunguo wa gari ulikuwa pale pale kando yake. Akauacha, akatoka.

"Hodi, jirani!"

Muda mfupi baadaye Mama Cherehani alikuwa nje ya dirisha lake, juu ya stuli, ameuma waya kama uzi.

"Imeshika?"

"Bado. Sogeza kushoto."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwako!"

"Nikianguka utanisaidia nini wewe? Mimi sina mimba!"

Mkwaruzo ukakatika, sauti ikaingia chumbani, lafudhi ya kwao kabisa. Mkunga akajikuta ameshika meza. Wakaketi, na jirani akakaribishwa wali, asijivunge.

"Kumbe ni hii!" akasema Mama Cherehani. "Kila jioni nakuona garini, mdomo unacheza. Nikajua unaongea na mumeo kwenye simu. Nikasema nisiwaingilie."

"Mume wangu alifariki mwaka juzi."

Jirani akaacha kutafuna. "Sasa ulikuwa unaongea na nani?"

"Naitikia salamu za watu."

Mama Cherehani hakusema pole. Alikivuta kiti chake karibu na redio, na mtangazaji alipomtaja shangazi wa mtu fulani, akaitikia kwa sauti kubwa, "Zimefika!" Mkunga akacheka mpaka akajifuta macho, na akaendelea kuyafuta kicheko kilipokwisha.

Kipindi kikaisha. Jina lake halikutajwa. Jirani akainuka, akasema ana gauni la watu la kupinda. Mkunga akamsindikiza mlangoni, akashika komeo asilifungue.

"Kesho pia kipo," akasema. "Uje tena, jirani. Hata kama una nguo za kushona, njoo nazo."