Shikamoo ya Mama Bena

Benadetha alikuwa amesimama saa nzima kwa sababu kukaa kulimuuma zaidi. Viti vya ofisi ile ya mbunge, mjini Laurel huku ughaibuni, vilikuwa laini, vya kuzama, na mtu wa mgongo wake akizama humo lazima avutwe kama gari lililokwama topeni.

"Mama, kaa," alisema Abigail, binti wa Kikenya wa mapokezi, kwa Kiingereza. Kiswahili alikielewa chote, ila ulimi ulikikataa.

"Nimekaa sana leo, mwanangu." Uongo mtupu.

Miaka kumi na mmoja amegeuza wazee vitandani kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Machi mwaka jana akamdaka babu wa kilo mia asidondoke, mgongo ukalia ka! Dokta Lusekelo, wakati huo ana kliniki mtaa wa pili, ndiye aliyempima. Akaandika kwenye faili: ameumia kazini. Sasa kampuni inasema ni uzee tu, na kliniki ilifungwa dokta alipochaguliwa mbunge wa jimbo. Shauri linasikilizwa Alhamisi. Bila faili lile hakuna fidia wala matibabu, na kwa miaka sitini na miwili, nani atampa kazi nyingine?

Lakini Lusekelo si ni mtoto wa nyumbani! Kijana wa miaka arobaini, na kila akimwona alikuwa anainama, "Shikamoo mama," hata mbele ya Wazungu. Benadetha alimpigia debe kanisa zima kwa hoja hiyo moja: mwenye shikamoo hatatusahau. Na watu, jamani, wakampa kura.

Mlango wa ndani ukafunguka, Lusekelo akatokeza.

"Mama Bena! Karibu, karibu."

Shikamoo haikuja. Labda ana haraka, alijiambia, akamfuata ndani, akaeleza shida yake akiwa wima.

"Mama, mimi siku hizi siandiki vyeti," Lusekelo alisema. "Natunga sheria."

"Si cheti kipya, baba. Ni faili lako. Uliandika kwa mkono wako mwenyewe."

"Najua." Akashusha sauti. "Lakini mwenye ile nyumba ya wazee ni mtu wetu. Bila yeye nisingefika bungeni Annapolis. Nikimgusa leo, mswada wangu umekufa. Na mswada wenyewe ni wa kuwalinda ninyi wahudumu!"

"Huo mswada utautibu mgongo wangu?"

"Utawasaidia watakaokuja." Akatabasamu. "Tena Alhamisi tunauzindua. Njoo na sare yako ya kazi, usimame nyuma yangu kwenye picha."

"Alhamisi ndiyo siku ya shauri langu."

"Ah, pole. Abigail atatafuta mwingine."

Hasira ilimpanda Benadetha. Mtoto huyu hana haya! Safari hii atamwuliza waziwazi: shikamoo yangu umeipeleka wapi? Akamsogelea mezani, akafungua mdomo. Neno la kwanza lilipotoka tu, mgongo ukakaza. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, magoti yakamkunjika, kichwa kikainama mbele ya kijana.

"Shikamoo..."

Mengine yakabaki kifuani.

Pale mapokezi, mlango ukiwa wazi, Abigail aliacha kuandika. Benadetha alingoja Lusekelo aruke kitini, aseme hapana mama, usinilaani.

Lusekelo alikuwa anasoma simu.

"Marahaba," alisema. "Hujambo?"

"Sijambo," Benadetha akajibu, bado ameshika meza.