Dole Gumba la Bibi Mwanamkuu

Kuluthumu alikuwa na beji tano kwenye mkono wa gauni, na kama hukuziona, basi hukuwahi kupita Ng'ambo siku ya Jumamosi. Msichana alizunguka mtaa mzima na gauni lake la buluu la skauti, limepigwa pasi mpaka karibu lisimame lenyewe, bega mbele ili watu waone: beji ya upishi, ya huduma ya kwanza, ya usafi, ya bustani na ya ushonaji. Hata chumvi dukani alikwenda kuinunua na skafu shingoni. Mradi aonekane tu!

Mwaka ule wa sabini nchi nzima ilikuwa imeshikilia kisomo cha watu wazima. Mwalimu Benedikta, kiongozi wa skauti wa kike pale shuleni, akaleta beji mpya, yenye taa iliyotariziwa kwa uzi wa manjano. Kila msichana atafute ngumbaru mmoja, amfundishe kusoma na kuandika, na siku ya Sabasaba amsimamishe mbele ya watu asome. Atakayeshindwa hapati beji, na kambi ya skauti ya Dodoma aisikie kwa wenzake. Kuluthumu alimpata Ngollo, muuza maji. Wakaenda vizuri mpaka "ma me mi mo mu", kisha Ngollo akafungasha vyake akahamia kijiji cha ujamaa upande wa Usoke, kulima tumbaku. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Jamani, msichana alilia!

Alipomaliza kulia, akamtazama bibi yake.

Bibi Mwanamkuu alikuwa mwalimu wa chuo. Miaka thelathini na ushei watoto wa Ng'ambo walikaa barazani kwake na mbao zao, wakijifunza Kurani. Barua zilizotoka Ujiji kwa herufi za Kiarabu, za waume waliokwenda huko kibiashara, ni yeye aliyewasomea wake zao na kuwaandikia majibu. Herufi za shule tu ndizo alizokuwa hazijui. Kuluthumu akapiga hesabu: mtu kama huyu wiki mbili zinamtosha. Na alijua vizuri kwamba hiyo ni hila.

Fomu ya beji ilikuwa na nafasi mbili: ya dole gumba, kabla ya kufundishwa, na ya sahihi, baada ya kufundishwa. Bibi akachukua kalamu, akaanzia kulia. Kuluthumu akamshika mkono.

"Siyo hivyo, Bibi. Hapo panatakiwa dole."

"Dole la nini, mjukuu wangu? Kwani mimi sijui kuandika jina langu?"

"Unajua, lakini herufi hizo hawazihesabu. Ni karatasi tu, Bibi. Nani ataisoma?"

Bibi akaiweka kalamu chini. Kisha akatia dole kwenye wino, akalibandika. Chini yake Kuluthumu akajaza mwenyewe: Hajui kusoma wala kuandika.

Siku ya kumi na moja Bibi alikuwa anasoma gazeti. Mwanzoni alianzia mstari upande wa kulia, akajicheka mwenyewe. "Herufi zenu zinatembea kinyumenyume," alisema, "kama mtu anayeaga kwa mkwewe."

Sabasaba ikafika, uwanja ukafurika. Bibi akasoma habari nzima ya mbolea bila kukwama, watu wakampigia makofi. Ingeishia hapo! Lakini mgeni rasmi, Bwana Silasi, akaipokea ile fomu, akainyanyua juu watu waone dole, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, mama huyu mpaka juzi alikuwa gizani! Alikuwa hajui hata alifu kwa kijiti!"

Waliokuwa hawamjui Bibi wakacheka. Waliomjua, watu wazima waliofundishwa alifu na yeye mwenyewe, wakatazamana, kisha wakainamisha vichwa.

"Kweli au si kweli, mama?" akauliza Bwana Silasi.

Bibi akamtazama mjukuu wake aliyesimama kiskauti, uso umemwiva. "Kweli, bwana," akasema. "Nilikuwa sijui."

Beji ikabandikwa. Kuluthumu aliona aibu ambayo hajapata kuiona tangu azaliwe. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na gauni lake. Njiani kurudi nyumbani alitembea hatua kumi nyuma ya Bibi.

Jumatatu alasiri Kuluthumu alikuwa nyuma ya mlango akichagua mchele, watoto wako barazani wanasoma, akaja Mwanahawa. Huyu alikuwa mgeni mtaani, amehamia juzijuzi kutoka Nzega, na binti yake alikuwa anasoma pale.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, unisamehe. Nimekuja kumchukua mtoto. Sabasaba nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Kama wewe ndiyo kwanza umejua kusoma, mwanangu amekuwa akifundishwa nini hapa?"

Kuluthumu akangoja. Bibi angefungua msahafu ukurasa wowote akasoma, maneno yakaisha. Lakini akifanya hivyo mjukuu wake ataitwa mwongo mji mzima. Bibi akauchukua ubao wa yule mtoto, akaufuta vumbi kwa upindo wa kanga, akamkabidhi mama yake.

"Mchukue, mwanangu. Ni haki yako."

Ungo ukamponyoka Kuluthumu, mchele ukatapakaa. Akatoka hivyo hivyo, machozi yanamtiririka.

"Mama, usimchukue! Mwongo ni mimi. Bibi anajua kusoma na kuandika tangu mama yangu hajazaliwa. Ni mimi niliyemfanya atie dole, nipate beji."

Mwanahawa akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Kwa hiyo heshima ya bibi yako umeiuza kwa kitambaa?" Akamrudishia binti yake ubao, akamwomba Bibi radhi, akaenda zake.

Kuluthumu akaingia ndani, akaifumua ile taa ya manjano kwa wembe. Kesho angeirudisha kwa Mwalimu Benedikta mbele ya wenzake wote, na kambi ndiyo basi tena. Alipotoka, Bibi alikuwa amefungua daftari la chuo, wanapoandika majina yao wanafunzi.

"Andika jina lako," Bibi akasema.

Kuluthumu akashika kalamu ya unyasi. Chuo alikikimbia akiwa na miaka tisa, kwa kisingizio cha kazi za shule, na herufi zilikwisha kumtoka. Akaanzia kulia, akasita. Watoto wote walikuwa wanamtazama.

"Bibi, sijui."

Akatia dole gumba kwenye wino wa masizi, akalibandika chini ya majina ya watoto wa miaka saba. Bibi akaandika maneno mawili matatu kando yake, kwa herufi za Kiarabu.

"Umeandika nini, Bibi?"

"Ukijua kusoma utaniambia," Bibi akasema. "Haya, sogea mbele, kaa na wadogo."