Karanga Ndani ya Mfarishi wa Harusi

Katika kijiji cha mume wangu watu hulima karanga, hukamua karanga, na wakikaa kupiga soga hutafuna karanga. Mimi karanga moja inatosha kuniua. Mama yangu alipoambiwa kwamba Dekun anatoka huko, aliweka kikombe cha chai chini akaniuliza kama katika jimbo zima la Shandong nimekosa mwanamume wa kijiji kinacholima vitunguu.

Sikumlaumu. Tangu nikiwa mtoto wa kutambaa hakuna sahani iliyonifikia kabla yeye hajainusa. Sindano yangu ya dharura aliibeba yeye, hata kama twaenda tu sokoni kununua kabichi. Watu huniuliza kama kuishi na mzio mkali namna hii hakuchoshi. Kunachosha, lakini nimezoea kama mtu aliyejenga karibu na reli: najua treni inapita wapi, sichezi hapo, na siku zangu nyingi ni za raha.

Mama mkwe nilimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu hakunipa pole. Aliuliza maswali. Je, vumbi la karanga linanidhuru? Je, mkono ulioshika karanga ukinishika itakuwaje? Kabla ya harusi alihamisha magunia yote, akapeleka mitungi ya mafuta kwa jirani, akafua mapazia, akasugua kuta, na mwisho akamwogesha mbwa, kwa kuwa mbwa alikuwa akilala ghalani. Dekun alinisimulia kwamba mbwa alinuna kutwa nzima.

Ilibaki mifarishi, yale mablanketi mazito ya pamba ambayo kwetu hushonewa maharusi. Haishonwi na mtu yeyote tu. Hutafutwa mwanamke mwenye mume hai, mtoto wa kiume na mtoto wa kike, naye hushonea tende nyekundu na karanga kwenye pembe za mfarishi ili bibi harusi apate watoto upesi. Kazi hiyo alipewa Shangazi Yuqiao, dada wa baba mkwe. Mama mkwe alimwambia mara kadhaa kwamba safari hii ni tende peke yake, naye akaitikia vizuri kabisa.

Siku ya harusi mama alibaki kwetu mjini Jinan, maana wazazi wa bibi harusi hawaendi kwa bwana harusi. Niliketi juu ya kitanda kipya na nguo zangu nyekundu, na wanawake wakajaa chumbani wakinitania nifumue pembe ya mfarishi nile tende wanione, kama wao walivyofanya zamani zao. Niliuliza kuna nini ndani. Mama mkwe akajibu ni tende tu, na alijibu kwa moyo safi. Nikafumua uzi, nikatoa tende, nikaitafuna.

Midomo ilianza kuwasha kabla sijameza. Niliitema kiganjani, nikapenyeza kidole kwenye ile pembe, nikagusa kitu kidogo kigumu. Shangazi Yuqiao alikuwa bado anatabasamu.

“Ni moja tu kila pembe, mwanangu,” alisema. “Karanga huli, sawa. Sasa mfarishi nani anaula?”

Sikuwa na sauti ya kumjibu. Koo lilikuwa linajifunga, na shingo ilishaota madoa mekundu. Niliogopa sana; niliwaza kwamba nitafia kitandani pa harusi yangu huku watu wameshika peremende. Wageni walitaka kuniinua wanipe maji, lakini Dekun aliwafukuza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, akanilaza chali, akanichoma pajani ile sindano ya dharura mama aliyomkabidhi, juu ya suruali ile ile ya harusi. Tulikwenda hospitali kwa gari la maharusi, maua na riboni zikipepea mbele, miguu yangu ikiwa imeinuliwa juu ya mapaja ya mama mkwe.

Huko walinichoma sindano ya pili na pumzi ikarudi. Daktari akasema nilale hapo hadi kesho, kwa kuwa hali hii huweza kurudi ukidhani imekwisha.

Asubuhi mama akaingia. Hakumsalimu mtu. Alinitazama midomo, akanitazama shingo, akasikiliza ninavyopumua, kisha akavuta viatu vyangu kutoka chini ya kitanda.

“Vaa,” alisema. “Twende nyumbani.”

Baba mkwe akaanza kuapa kwamba karanga haitakanyaga tena uani kwake. Shangazi Yuqiao, aliyesimama mlangoni macho yamemvimba kwa kulia, naye akaapa. Mama akawaambia kwamba hata juzi waliapa. Dekun alinishika mkono. Mimi nilitaka kubaki. Nilimpenda mume wangu, na niliipenda ile nyumba yenye harufu ya sabuni hadi ukutani. Lakini mama alikuwa na haki. Nikavaa kiatu kimoja.

Hapo mama mkwe akamgeukia mama akasema, “Mkwe mwenzangu, mimi siapi. Kile ni kijiji cha karanga, siku za mavuno hata upepo unabeba maganda. Inaweza kutokea tena, na wewe utakuwa Jinan, na Dekun atakuwa kazini. Nifundishe mimi kumchoma.”

Alimwomba nesi bomba la sindano lenye maji ya chumvi. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda changu, akakunja suruali, akalipiga paja lake kofi.

Mama alilitazama lile paja. Nilidhani atakataa.

“Si hapo,” alisema hatimaye. “Nje zaidi. Hapo.”

Mama mkwe akajichoma. Uso ulijikunja, lakini hakufumba macho.

“Usichomoe haraka. Na usingoje kuwa na uhakika. Akisema midomo inawasha, wewe choma, halafu ndio mwite daktari.”

“Kama nimekosea, je? Kama si karanga?”

“Basi utakuwa umemchoma bure. Atanuna, lakini atakuwa hai. Haya, rudia.”

Akarudia kwenye paja la pili. Shangazi Yuqiao alipoona hivyo akafuta kamasi, akaja, akaanza kupandisha suruali yake.

“Wewe acha,” mama mkwe akamwambia. “Sindano ulizoshika mwezi huu zinatosha.”

Mama akacheka. Hakutaka, ila kicheko kilimponyoka. Akainama, akanivua kile kiatu nilichokuwa nimevaa, akakirudisha chini ya kitanda. Alasiri akapanda treni peke yake.

Jioni ya kwanza tuliyokula nyumbani simu ililia mezani. Nikanyoosha mkono kuchukua yangu, lakini ilikuwa ya mama mkwe. Mama alikuwa anamuuliza nimekula nini, nani kakipika, na sufuria ilioshwa na nini. Mama mkwe alisimama akajibu swali moja moja, akasifu hamu yangu ya kula, akanisengenya kidogo kwamba naamka jua likiwa juu, na mama huko Jinan akawa anacheka. Mpaka leo hupigiana kila jioni, na mimi hawaniulizi kitu. Wananijadili kama sipo, nami nimekaa hapo hapo katikati yao, naongeza wali.