Chetezo cha Osob

Chuo kilimwandikisha Jawahir peke yake, lakini ukweli ni kwamba ile shahada ya uzamili ya uongozi wa uuguzi ilisomwa na watu wawili. Jawahir alisoma vitabu. Mama mkwe wake, Osob, alisoma saa. Ikifika alasiri, somo la mtandaoni linapokaribia, Osob alikuwa ameshawaogesha watoto na kuwapeleka madrasa, chakula cha jioni kimefunikwa, na yeye mwenyewe ameketi kizingitini na tasbihi yake. Jirani akija kuazima sufuria, yule ambaye siku nyingine angekaa mpaka adhana ya magharibi, aliambiwa maneno matatu tu: Jawahir yuko darasani. Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha kulala, laptopu imewekwa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na mwalimu yuko Nairobi. Lakini Osob aliyatamka kwa uzito ambao hakuna jirani wa mtaa wao wa Bulla Iftin aliyethubutu kubishana nao.

Mume alikuwepo, tusimsahau. Siyad alikuwa afisa wa mifugo huko Wajir, mume mzuri, ila mume wa mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote nyumba hiyo ilisimama juu ya mabega ya mama yake, na Jawahir alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua somo lolote. Bila Osob hakuna shahada.

Sasa, Jawahir alikuwa sista inchaji, msimamizi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya pale mjini Garissa, na chuo kilimtaka amalize masomo kwa mradi. Abadilishe jambo moja mahali pake pa kazi, kisha aje mbele ya jopo athibitishe kwamba mabadiliko yameshika. Wenzake wa darasani walichagua mambo ya kistaarabu, kama kupanga zamu na kujaza mafaili. Jawahir akachagua moshi.

Ni lazima uelewe. Kwao Wasomali, mwanamke aliyejifungua hufukizwa. Bibi anakuja na chetezo cha udongo, wao hukiita dabqaad, makaa mekundu ndani yake, na juu ya makaa ananyunyiza unsi, ule ubani uliopikwa na sukari na manukato. Harufu yake ikikupata barabarani unajua kuna furaha katika nyumba ile. Inafukuza jicho baya, inamfanya mzazi ajisikie mtu tena. Nyumbani hakuna ubaya wowote. Lakini katika wodi yenye watoto njiti, na mtungi wa oksijeni umesimama pale pembeni, moshi wa bibi mmoja ni hatari, na mabibi hawakuwa wakija mmoja mmoja. Kulikuwa na siku ambazo Jawahir alimtafuta mgonjwa kwa kumpapasa, huku kitoto kisichojua hata kunyonya kikikohoa kama mzee wa sigara.

Kwanza alibandika picha mlangoni: chetezo, na juu yake alama nyekundu ya mkasi, ile ya X. Wiki ile vyetezo vikaongezeka. Jawahir alishangaa mpaka alipomuuliza bibi mmoja, naye akamjibu kwa upole, kama unavyomweleza mtoto, kwamba siku ya kura kila mtu hufundishwa jambo hilohilo: unachokitaka, unakitia alama kwenye picha yake. Wao walidhani hospitali imekichagua chetezo.

Kulow, muuguzi aliyefanya naye zamu nyingi na ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, alicheka mpaka akashika ukuta. "Sista, umeshinda uchaguzi," alisema. "Sasa tuapishe hicho chetezo."

Basi Jawahir akaibandua picha akaanza kazi ya miguu na mdomo. Alisimama mlangoni mwenyewe, akawapokea mabibi kwa salamu ndefu, akawauliza habari za mifugo na za watoto, akawapeleka wakaone kifua cha kichanga kinavyohangaika. Wengine walielewa. Wengine walinuna, wakaondoka wakisema wasichana waliosoma wamekuwa wengi siku hizi. Polepole hewa ya wodi ikasafika, hata wauguzi wenyewe wakaanza kusimamia bila kuambiwa. Siku ya jopo ilikuwa inakaribia, na Jawahir alianza kulala usingizi mzuri.

Hapo ndipo wifi yake, Filsan, akajifungua kabla ya wakati.

Mtoto alikuwa wa kike, mdogo kama kiganja na nusu, lakini mwenye sauti. Jawahir alimlaza kifuani kwa mamake, ngozi kwa ngozi, akamfunika, akamshukuru Mungu. Alipoinua kichwa alimwona Osob akija kwenye veranda. Alikuwa amevaa nguo za Idi. Mkononi alibeba chetezo cha nyumbani, kile chenye mpini uliofungwa waya, na makaa aliyaomba kwa mama wa chai pale getini, kwa hiyo yalikuwa yamewaka vizuri. Nyuma yake alikuja askari wa geti, akimfuata kwa mbali. Hata yeye alikuwa anamjua ni mama mkwe wa nani, hakumzuia.

Kulikuwa na mabibi wawili waliozuiwa jana yake, wameketi kando ya vitanda vya binti zao, na shingo zao zilirefuka. Kulow alipita nyuma ya Jawahir akiwa na trei ya dawa.

"Sheria ni msumeno, sista," alinong'ona. "Hukata mbele na nyuma." Kisha akajitia kuhesabu vidonge.

Jawahir alitamani ardhi ipasuke. Huyu ndiye aliyemshikia nyumba miaka miwili. Huyu ndiye aliyemwambia, siku alipotaka kuacha masomo kwa sababu ya takwimu, kwamba ngamia haachwi kisimani kabla hajanywa. Na leo amekuja kumfukiza binti yake wa mwisho, haki ya kila mama tangu dunia iumbwe, na mke wa mwanawe amesimama mlangoni.

"Jawahir, nipishe," Osob alisema kwa Kisomali, bila hasira. Hakudhani kuna jambo.

"Hooyo, moshi hauingii humu."

Hooyo ni mama, na Jawahir hakuwahi kumwita kwa jina jingine. Osob alitazama ndani, akawaona wale mabibi wanaotazama.

"Nani kasema?"

Jibu rahisi lilikuwepo. Angeweza kusema hospitali imesema, au daktari, au wakubwa huko ofisini, na Osob angewalaani wote akarudi nyumbani bila kumchukia mtu. Jawahir alilionja jibu hilo ulimini. Halafu akasikia ule mwanzo wa kikohozi kidogo cha mtoto kutoka kifuani kwa Filsan, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na moshi hausubiri ruhusa.

"Mimi," alisema.

Osob alishuka ngazi za veranda, akamwaga makaa mchangani, akaenda zake na chetezo kinachotoa uzi mwembamba wa moshi. Jawahir aliingia stoo ya shuka akalia kidogo, kisha akanawa uso akaendelea na zamu.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Osob aliendelea kupika na kuogesha watoto, ila na Jawahir aliongea kwa mkalimani. "Mwambieni mama yenu chai iko tayari." "Mwulizeni mama yenu kama atakula." Mwenyewe yuko palepale, anasikia kila neno. Siku ya pili aliwaambia watoto, kwa sauti ya kumfikia aliye chumbani, kwamba Filsan akitoka hospitali yeye atahamia Masalani kwa ndugu yake, akapumzike. Na alasiri hiyo, somo lilipoanza, kizingiti kilikuwa kitupu. Jirani wa sufuria akaingia moja kwa moja mpaka chumbani, akaketi kitandani, akamwamkia mwalimu wa Nairobi kwenye skrini, na akataka kujua kama ameoa.

Jawahir alifunga laptopu. Kwa mara ya kwanza aliliona jambo lilivyo. Angeweza kuipoteza shahada, ikamuuma, ikapita. Kumpoteza Osob hakungepita. Alifikiria kwenda kumwambia, haya Hooyo, njoo ufukize, kidogo tu, pale karibu na dirisha. Lakini kila alipolifikiria alimwona yule mtoto mdogo wa Filsan, naye hakuwa na mtu wa kumtetea isipokuwa mke wa mjomba wake, mwenye koti jeupe. Hakwenda.

Osob, kwa upande wake, hakukosa hospitali hata siku moja. Alikuwa anampelekea Filsan supu na maziwa ya ngamia, anaingia bila kumtazama sista inchaji, anatoka bila kumtazama. Jawahir alimpisha kwa heshima. Kulow mwenyewe aliacha utani, na Kulow kuacha utani ni dalili mbaya.

Jumanne, siku mbili kabla ya jopo, Jawahir alitoka mkutano wa ofisini akasikia sauti zikipanda mlangoni mwa wodi. Alikimbia. Palikuwa na mwanamke mnene wa mtaa wa Soko Ng'ombe, Batula, mke wa mfanyabiashara, ambaye binti yake alijifungua asubuhi ile. Alishika chetezo kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kufika pale. Na mbele yake, juu ya stuli ya plastiki aliyoitoa Mungu anajua wapi, aliketi Osob, amejaza mlango mzima.

"Mimi hapa," Osob alikuwa anasema, "nimezuiwa na mke wa mwanangu. Mbele ya watu. Nikiwa nimevaa nguo za Idi. Wewe nani akupitishe?"

"Binti yangu akae bila unsi kama yatima?"

"Nani kasema akae bila unsi? Lete shuka lake."

Batula alisita, kisha akalitoa shuka jipya mfukoni. Osob akalichukua, akamshika mkono, akaenda naye kwenye banda la wageni kule ng'ambo ya uwanja, upepo unakopeleka moshi mtoni. Kile chetezo chenye mpini wa waya kilikuwa huko tayari, kinafuka kwa utulivu. Osob akalitandaza shuka juu yake, akaligeuza huku na huku kama vile wanawake wote wa kwao wafukizavyo nguo siku ya harusi, akalikung'uta mpaka moshi wote ukatoka, akalikunja. Batula aliingia wodini akiwa amebeba harufu tupu. Binti yake alijifunika, akafumba macho, akatabasamu. Jawahir alipopita kitanda cha Filsan alisikia harufu ileile, na akajua kwa nini Filsan alikuwa akitabasamu siku zote hizi. Mtoto kifuani alilala kimya, anapumua vizuri.

"Mlango umepata mwenyewe," Kulow alisema.

Osob alirudi kwenye stuli yake. Jawahir alisimama mbele yake.

"Usidhani nimekusamehe," Osob alisema. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia ana kwa ana tangu siku ile. "Ungenipitisha, ningesema mke wa mwanangu ana adabu, na sheria yake ni ya kuchezea. Umenizuia. Sasa akipita mwingine, mimi nitakuwa nimeaibika mara mbili. Hapiti mtu." Akavuta tasbihi yake. "Na wewe umekonda. Huli."

Filsan aliruhusiwa Jumatano. Habari ya Masalani haikutajwa, na Jawahir hakuwa mjinga wa kuiulizia.

Alhamisi alasiri jopo likakusanyika kwenye skrini. Osob hakukaa kizingitini. Alimweka Filsan na mtoto chumba cha pili, akamkabidhi jirani wa sufuria kazi ya kulinda mlango, na yeye akaketi kitandani nyuma ya laptopu, mahali asipoonekana. Alitaka kuwaona, alisema, hao watu waliofanya afukuzwe. Jawahir aliwasilisha mradi kwa Kiingereza, michoro na takwimu zake zote, na Osob hakuelewa neno ila aliitikia kwa kichwa pale sauti ya mke wa mwanawe ilipokuwa imara.

Kulikuwa na mama mmoja wa makamo kwenye jopo, muuguzi wa siku nyingi kwa namna alivyoketi. Aliuliza swali refu kuhusu uendelevu. Jawahir akaanza kujibu kwa vitabu, akataja nadharia ya kwanza, ya pili, na yule mama akainua mkono.

"Sista, weka vitabu pembeni kidogo," alisema kwa Kiswahili. "Siku ukihamishwa hapo, nani atazuia moshi?"

"Mimi."

Jopo lilitafuta sauti ilikotoka. Osob alikuwa ameshainuka, amezunguka ndoo, ameinamia kamera mpaka skrini yao ikajaa uso wake na mtandio wake, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi Osob. Huyu hata akienda Nairobi, hata akienda Wajir kwa bwana yake, mimi iko hapo kwa mlango. Moshi hakuna pita."

Yule mama wa jopo alijikaza asicheke. "Na wewe mama ni nani katika hiyo wodi?"

"Mimi ndio mtu ya kwanza huyu alifukuza," Osob alisema, na kila aliyemsikia alijua anajisifu.

Yule mama akaandika kitu, akasema hana swali jingine. Jawahir alisogea ukingoni mwa kiti, akampa mama mkwe wake nafasi ya kuketi.